Bei ya Jana

Mwezi wa nne Sharifa alimwachia Paulin cherehani yake iwe arbuni, na katika mtaa mzima wa Kasuku, mjini Kindu, hakuna aliyemwambia kwamba amekosea. Ilikuwa cherehani ya mkono, chuma tupu, na ndiyo iliyomlisha tangu mumewe afariki. Lakini nguo za mitumba zilikuwa zimeanza kushuka na treni marobota kwa marobota, na nani angelipia gauni la kushonwa wakati sokoni gauni la Ulaya lilikwenda kwa bei ya kuku? Sharifa alikuwa na televisheni ya marehemu na baraza pana, na umeme ulimfikia siku ulizopenda kufika. Kilichokosekana ni mashini ya mchezo, ile ya kuunganishwa na televisheni na kupachikwa kaseti. Akiipata, vijana wangemlipa kopo la mchele kwa kila mchezo. Mchele, si noti, maana noti za zaire wakati ule zilipoteza thamani kabla hazijachakaa.

Paulin alikuwa na mashini nne dukani. Kibao chake kilisema Kambale, kwa sababu serikali ilikuwa imekataza majina ya ubatizo, na kwa kuwa ilikataza, watu walilitamka la Paulin kwa raha zaidi. Alitoka Butembo. Bidhaa zake alizinunua Bujumbura, zikavuka ziwa hadi Kalemie, kisha zikapanda treni hadi Kindu. Mtu mchapakazi, hilo tusimnyime. Alitaka elfu sitini kwa mashini moja. Sharifa alipewa mwezi mmoja wa kuzitafuta, na asipozipata, cherehani inabaki dukani. Wakapeana mikono.

Wiki ya tatu akaja Bulaimu, shemeji yake Sharifa, aliyekuwa kondakta wa treni. Alikuwa ametoka Kalemie usiku, na hata chai hakuingoja.

"Shemeji, ile mashini unayotafutia pesa, kule Kalemie hakuna muntu anaitaka tena. Iko mupya imetoka, inashinda ile ya zamani kwa kila kitu. Ya zamani wanauzisha elfu makumi mbili, na bado inalala tu ku duka."

"Na Paulin anajua?"

"Asijue namna gani? Ile mupya yake nilileta mimi mwenyewe mu treni, mwezi wa tatu. Sanduku nzima."

Sharifa alihesabu kwa vidole. Mwezi wa tatu. Basi siku walipopeana mikono ile mpya ilikuwa tayari katika chumba cha nyuma, imefunikwa, ikisubiri wajinga wanne wamalize kununua za zamani. Wawili walikuwa wamekwisha kununua. Yeye alikuwa wa tatu. Hasira ilimpanda hadi masikio yakamwasha.

Asubuhi alikuwa dukani kabla Paulin hajamaliza kufungua milango.

"Baba Paulin, nirudishie cherehani yangu."

"Leta elfu makumi sita, uchukue cherehani na mashini, vyote viwili."

"Kwa mashini ya elfu makumi mbili?"

Paulin hakutahayari. Alipangusa kaunta taratibu. "Mama, biashara njo hivi. Kama bei ingepanda, ungeniongezea?"

Swali lilikuwa la haki, na Sharifa si mtu wa kukataa haki. Kisha jibu likamjia.

"Kupanda, hatungejua, mimi na weye. Kushuka, weye ulijua. Sanduku iko nyuma yako, unanicheka kwa meno yote. Kwetu Waislamu, muuzaji akijua kasoro na akanyamaza, hakuna mauzo. Arbuni inarudi."

"Hiyo njo sheria ya kwenu, ya mababu zenu waliotoka pwani. Ku duka yangu, kilichoingia hakitoki."

Halima, jirani yake Sharifa, alimsihi aache. "Mwenye nguvu mpishe," alisema. Sharifa akamwambia kwamba amewapisha wenye nguvu maisha yake yote na bado wanataka barabara nzima. Maji alikwisha kuyavulia nguo.

Sasa, tarehe ishirini ya mwezi wa tano ilikuwa sikukuu ya chama, na wanawake wa Kasuku walipaswa kuandamana wakiwa wamevaa kitambaa cha chama, kile cha kijani chenye uso wa Mkubwa, rais wa nchi, duara kwa duara. Sharifa alikuwa amepewa vitambaa vya wanawake kumi na wawili avishone. Kwa kukosa cherehani alikuwa akishona kwa sindano, na ncha za vidole zilikuwa zimemchubuka. Kesho yake alikusanya vitambaa vyote, mkasi na mkeka, akaenda kuketi mbele ya duka la Paulin. Akatandika kitambaa kimoja kwenye kizingiti, ukuta hadi ukuta, akaanza kukata.

Wako wanaosema hakukusudia. Alikusudia.

Mteja wa kwanza alikuja kununua betri. Aliinua mguu, akatazama chini, akamwona Mkubwa akimtazama naye. Mguu ukarudi ulikotoka. Kuna watu waliolala mahabusu kwa kufungia samaki kwenye gazeti lenye picha ile, sembuse kuikanyaga kwa viatu vyenye tope.

"Pita, baba," Sharifa alimwambia kwa upole. "Nani anakuzuia?"

Yule bwana alisema betri zinaweza kungoja. Wa pili naye hivyo hivyo. Wa tatu alitaka kuruka, lakini kuruka juu ya kichwa cha Mkubwa ni heshima gani? Kila aliyesimama aliambiwa habari za Kalemie: ya zamani elfu ishirini, mpya iko chumba cha nyuma, muulizeni mwenyewe. Kufikia adhuhuri watu walikuwa wamejaa barabarani, na mmoja wa wale wawili waliokwisha kununua alikuwa akipiga kelele kuliko wote. Ndani, Paulin alisimama peke yake. Hata yeye hakuweza kutoka.

Alimwita kiongozi wa chama wa mtaa kwa kupaza sauti dirishani. Yule akaja na abakosti yake, ile suti ya chama isiyovaliwa tai, jasho likimtiririka shingoni.

"Sitwayeni," alisema, yaani mwananchi, kama chama kilivyoagiza watu waitane, "ondoa hiki kitu."

"Kitu?" Sharifa aliuliza. "Unakiita kitu?"

Watu wakasogea karibu. Kiongozi wa chama akashusha mkono. Akauliza, sasa kwa sauti ya chini, kwa nini kazi ya chama inafanywa mavumbini.

"Sababu cherehani iko mule. Nashona kwa mukono. Siku ya sikukuu wanawake kumi na mbili watatembea uchi, na wakiulizwa, watasema ni Paulin. Mimi ntasema hivyo. Na weye, niseme ulikuja ukaona, ukarudi zako?"

Kiongozi aligeuka. Alimtazama tu Paulin dirishani, muda mrefu, kama mtu anayeandika jina.

Cherehani ilitolewa kupitia dirisha. Sharifa aliikagua, akazungusha gurudumu lake mara mbili, ndipo akakunja kitambaa polepole, pembe kwa pembe. Machozi yalimlenga na akayazuia. Hapo hapakuwa mahali pa kulia.

Paulin alitoka mlangoni. Hakuwa mtu wa kukaa na hasira palipo na wateja.

"Mama Sharifa, biashara haigombi. Chukua ile ya zamani, elfu makumi mbili na tano. Sawa na Kalemie, na tano ya treni."

Ilikuwa bei nzuri. Sharifa alikuwa na elfu thelathini kwenye fundo la kanga, na moyo uliipenda ile mashini hata sasa. Lakini nyuma yake aliwasikia vijana, wateja wake wa kesho, wakiulizana ile mpya inafananaje, kaseti zake zikoje, itawashwa lini. Hakuna hata mmoja aliyeitaja ya zamani.

"Siitaki," alisema.

"Basi mupya. Elfu makumi saba na tano."

"Hiyo nitanunua siku ukileta ingine nyuma yake. Na siku hiyo nitaanza kuangalia chumba chako kwanza."

Watu walicheka, Paulin naye akacheka kidogo, ingawa si kwa kupenda. Halima akamtwika cherehani kichwani. Ilikuwa nzito kuliko alivyokumbuka, na hatua ya kumi tu shingo ilianza kumuuma. Hakuitua mpaka alipokuwa na hakika kwamba Paulin hamwoni tena.