Waya wa Daktari

Umeme ulipounguza kompyuta kuu ya kituo chetu cha afya hapa Bunda, nilianza kurudisha taarifa za wagonjwa kutoka kwenye nakala ya akiba, nikiziingiza kwenye kompyuta mpya. Kila mara kazi ilikatikia njiani, kioo kikiandika: muda wa kusubiri umekwisha. Kumbe wenzangu walikuwa wanatafuta majina ya wagonjwa wao kila dakika, waone kama yamerudi, mashine ikalemewa.

Niliwaomba waache, wakacheka. Nikaongeza muda wa kusubiri, kisha nikapita chumba kwa chumba nikichomoa nyaya za mtandao.

"Rhobi, hata mimi bosi wako?" alifoka Daktari Revocatus.

"Wewe ndiye unatafutaga kuliko wote, daktari."

Jioni taarifa zote zilirudi. Daktari akaja mbio kudai waya wake. Nikamwonyesha wagonjwa waliojaa kwenye benchi tangu asubuhi.

"Nawarudishia waya mapokezi kwanza, wawaandikishe hawa. Wewe kaa nyuma yao."