Sufuria ya Mama Nuria Ubaoni

"Kwa hiyo hodi yenyewe ni mimi?" Mama Flora alikuwa kasimama uwanjani, mikono kiunoni. "Siku zote najiuliza kwa nini nyumba hii nikiingia hainuki hata kitunguu!"

"Usingejiuliza kama ungekuja hata mara moja wakati hatuli," akajibu Mama Nuria kutoka barazani kwake.

Nyumba yangu iko kati ya nyumba zao, kwa hiyo nilitoa kigoda nikakaa. Mambo kama hayo huwezi kuyasikiliza umesimama.

Chanzo kilikuwa shule. Mwalimu Claudia, binti wa Iringa aliyeletwa kwetu Makote mwaka ule wanunuzi binafsi walipoanza kugombania korosho zetu, alikuwa na mtindo wake wa kufundisha darasa la pili. Hakuwaimbisha watoto ba-be-bi. Kila asubuhi mtoto mmoja anasimama, anasema jambo la nyumbani kwao, Mwalimu analiandika ubaoni, halafu darasa zima linalisoma kwa sauti. Mtoto, anasema Mwalimu, husoma upesi kile alichokitamka mwenyewe.

Sasa Nuria hakuwahi kutamka kitu. Nyumbani Kimakonde kinamtoka kama maji, lakini shuleni tangu darasa la kwanza, kimya. Mama yake alishaanza kusema bora abaki kuokota korosho. Jumatatu moja mtoto akasimama, akasema. Mwalimu akaandika kwa furaha mpaka chaki ikamkatikia, na darasa zima likapaza sauti:

"Mama akisikia hodi anaficha sufuria chini ya kitanda!"

Madirisha ya shule yetu hayana vioo, na bomba la maji liko nyuma ya ukuta huo huo. Siku hiyo lilikuwa linatoa. Foleni ya ndoo ilifika barabarani. Watoto wakarudia, wakarudia, halafu Nuria akashika fimbo, akaonyesha neno moja moja, akasoma peke yake. Mwalimu nusura alie. Wanawake wa bombani nao walilia, ila wao kwa kucheka. Kufika adhuhuri habari ilishapanda baiskeli, iko Chilangala.

"Ukifungua tena mdomo huko shuleni, nitaushona," mama yake akamwambia. Nuria akatii. Hakusema, hakusoma, hata shikamoo akawa anaitoa kwa kichwa.

Basi jioni ile, Mama Flora hajamaliza hata nusu ya maneno yake, tukasikia, "Hodi hapa!" Mwalimu Claudia. Wallahi hata Mama Flora alitega sikio asikie kama kuna kitu kitaburuzwa huko ndani.

"Shikamooni, mama zangu."

"Marahaba," akaitikia Mama Nuria. "Umekuja kukagua chini ya kitanda, Mwalimu?"

"Nimekuja kumwombea Nuria ruhusa ya kusema. Amesoma siku moja tu, mama. Akifunga mdomo sasa, sijui kama nitaweza kumfungua tena."

"Mchagulie basi la kusema. Aseme ng'ombe anakula majani."

"Hapa Makote ng'ombe kamwona wapi? Aseme anachokiona. Na ile sentensi ilishafutwa, mama, kila siku tunaandika mpya."

"Imefutwa ubaoni. Bombani je?"

 Hapo nikaingilia mimi. "Bombani wanataka jipya tu, Mama Nuria. Mpe mtoto jipya, hilo la zamani watalisahau."

Mama Flora akaangua kicheko. "Jipya lipi? La uvunguni au la darini?"

"Keshokutwa ubaoni ni zamu ya Flora wako," akasema Mwalimu, kwa adabu kabisa.

Kicheko kikakatika. Dirishani kwa Mama Flora kuna redio mpya ya msimu wa korosho, inafutwa vumbi kila asubuhi, na hakuna jirani aliyewahi kuisikia ikisema. Akakumbuka ghafla kuwa ana kuni za kupasua, akaanza kuondoka. Polepole.

Nuria alikuwa kajikunyata kando ya mafiga, anafuata midomo yetu kwa macho. Mama yake akamtazama. Kisha akaingia ndani, na tukasikia kitu kikikwaruza sakafu. Akatoka na sufuria, akaitua mkekani, akafunua. Mbaazi za nazi. Sufuria yenyewe, niseme kweli, ilikuwa ya watu wawili na paka.

"Unaona, Nuria?"

Mtoto akaitikia kwa kichwa.

"Kwa mdomo!"

"Naona, mama."

"Basi kesho kawaambie ulichokiona. Na upaze sauti, kesho bomba linatoa. Mwalimu, karibu unawe. Mama Getrude, na wewe acha kigoda hicho."

Nilikuwa nimeshakiacha.

Nuria akamtazama Mama Flora, aliyekuwa hajafika hata kwenye ua wake. "Nimwite?"

Mama Nuria akaitazama sufuria, akamtazama Mwalimu, akashusha pumzi. "Mwite."

Na mtoto yule wa kimya akasimama, akajaza kifua, akapaza sauti ambayo hata foleni ya ndoo ingeisikia:

"Mama Flora! Karibu tule!"