Buick Iliyogongana na Kulungu

Mimi sina uvumilivu, na sitajifanya ninao. Miezi kumi na sita ile Buick, gari letu, ilikaa kando ya ghala, boneti imebonyea, kioo kimepasuka. Theluji ikija inaifunika, theluji ikiyeyuka, ndiyo hiyo tena. Na kila asubuhi mume wangu Harlan alichukua kahawa yake akasimama dirishani kuitazama. Nilitamani nimpige na mwiko.

Kulungu alitukatizia barabarani jioni moja ya Oktoba, tukamgonga, Harlan kwenye usukani, mimi kando yake. Yeye hakuchubuka hata kidole. Mimi nilivunjika mfupa wa bega. Watu wa bima wakasema gari limekwisha, kadi yake ya umiliki ikagongwa muhuri wa gari bovu, na Harlan akalinunua tena kwao kwa bei ya chee. "Nitalitengeneza," akasema. Hakushika hata spana. Na tangu siku ile hakushika usukani wa gari lolote, mwanamume aliyeendesha lori la maziwa miaka thelathini na minne! Kanisani nampeleka mimi, kwa kinyozi nampeleka mimi.

Nilijua kinachomla. Aliwahi kuniambia mara moja tu, tukikunja shuka: "Ningekuua, Verna." Nikamjibu kwamba kulungu ndiye angeniua. Akatikisa kichwa, akaendelea kukunja.

Basi Februari nikampigia simu Doreen Schmitz, anayesimamia gereji ya kanisa. Mafundi wake ni wa kujitolea. Wanapokea magari mabovu, yanayofaa wanayatengeneza, yasiyofaa wanayachomoa vipuri, kisha wanawapa magari akina mama wasio na usafiri. Doreen akaniambia yuko binti mmoja, Mai Yer, ana watoto wawili, anafanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Ana Buick kama yetu, bodi nzima, injini imekufa. Kila alfajiri anatembea maili mbili juu ya barafu.

"Injini yenu je, ni nzima?" akauliza.

"Kulungu hakufika huko."

Nilipomwambia Harlan, alikwenda dirishani akaitazama. "Wachukue," akasema. Nilimwonea huruma, lakini nilifurahi pia, sitadanganya.

Sasa sikiliza maajabu yangu. Jumatatu ya wiki waliyokuja kulichukua gari nilipasuliwa mtoto wa jicho. Jicho la kulia limefungwa kiraka, na daktari kanikataza kuendesha wiki nzima, kuinama marufuku, kulia marufuku. Ijumaa asubuhi nikamwekea Harlan kadi ya gari mezani. Yeye miwani yake hajui iko wapi, kwa hiyo nikamwonyesha kwa kidole: "Saini hapa." Akasaini. Kumbe ni pale pa mnunuzi! Nikachukua ule wino mweupe wa kufutia, nikapaka, nikapuliza ukakauka, Harlan akasaini upya panapostahili. Nikajiona mjanja kweli kweli.

Saa nne Doreen akafika na gari lake la kukokotea. Akaishika kadi, akaiinua kwenye mwanga.

"Bi Verna, nani kapaka huu uji?"

"Mimi. Kwani vipi?"

"Mama yangu wee! Kadi ikipakwa wino mweupe imekufa, hata iwe herufi moja. Siwezi kuondoka na gari kwa kadi hii."

Nikahisi uso unawaka. Doreen akaeleza kwamba mwenye gari mwenyewe aende ofisi ya usajili, aandike kiapo cha kueleza kosa mbele ya karani. Ofisi iko maili ishirini na mbili, inafungwa saa kumi jioni, na Jumamosi haifunguliwi. Na Jumamosi hiyo ndiyo mafundi wake wa injini wangekuja. Tukiikosa, ni mwezi mwingine mzima, na Mai Yer aendelee kutembea. Yeye Doreen asingeweza kutupeleka, alikuwa na gari jingine la kuvuta upande wa pili wa wilaya.

Akaondoka. Harlan akanitazama kiraka changu.

"Huoni wewe."

"Naona upande mmoja. Nitaendesha upande mmoja."

Hakucheka. Alisimama pale jikoni, akavaa koti, akavua, akavaa tena. Kisha akachukua funguo za pikapu msumarini.

"Funga mkanda," akasema. "Vuta uone kama umeshika. Vuta tena."

Tulikwenda polepole, magari matano nyuma yetu yakipiga honi. Tulipofika mahali pale pa kulungu, alisimamisha pikapu kabisa pembeni, akashika usukani kwa mikono miwili, jasho likimtoka na nje ni baridi ya kuua. Nikamwekea mkono gotini. Baada ya muda akawasha indiketa, akatazama kushoto, akatazama kulia, tukaondoka.

Ofisini karani akamuuliza, "Sababu ya kosa?"

"Andika mke," akasema Harlan.

Huyo ndiye mume wangu! Nilikuwa sijamsikia akitania miezi kumi na sita. Nilicheka hadi watu wa kwenye foleni wakageuka.

Wakati wa kurudi hakukata kona ya nyumbani. Alinyoosha hadi gereji ya kanisa, akamkabidhi Doreen karatasi zenye muhuri, halafu akaizunguka Buick ya Mai Yer iliyoegeshwa pale, akainama, akachungulia chini ya boneti.

"Mnataka kuinyanyua injini kutokea hapa?" akauliza. "Mtavunja vishikio vyake vyote. Injini ya aina hii nimeifungua mara tatu, mimi."

"Basi mzee, njoo kesho saa mbili utuonyeshe," akasema Doreen. Akanitupia jicho. "Ila nani atakuleta, na dereva wako kafungwa kiraka?"

Harlan akajifuta mikono kwenye suruali, suruali ya kanisani.

"Nitajileta," akasema. Kisha akanigeukia mimi. "Na huyu nitamleta, kama bado anakubali kukaa kando yangu."

Nilikubali. Nililia pia, na daktari alishanikataza.