Msiba wa Mwalimu Gongmeng

Mwalimu Gongmeng alikuwa na sifa moja iliyovuka mipaka ya nchi yao: alijua kuomboleza. Mama yake alipofariki alijenga kibanda cha nyasi kando ya kaburi, akavaa nguo ya msiba ya katani isiyo na upindo, akanywa uji mwepesi miaka mitatu mpaka akawa hasimami bila fimbo. Watu walitoka mbali kuja kumtazama alivyokonda. Kisha akafa baba, naye akaanza upya.

Uji huo haukujipika. Aliyeupika, akaupeleka makaburini asubuhi na jioni, na katikati akalima shamba la mtama, ni mkewe, Bi Jiang. Na kwa kuwa aliyefiwa na mzazi halali na mkewe, walipokuja kurudiana umri wa kuzaa ulikuwa umekwisha kumpa kisogo. Bi Jiang hakunung'unika. Mumewe alimfundisha kwamba huzuni haipunguzwi kama pishi ya mlanguzi. Anayemkatia mzazi wake siku moja ya msiba amemfukia tu, hakumzika. Bi Jiang aliliamini neno hilo. Ndilo lililokuwa mtoto wake.

Basi mtawala mzee akafariki, na mwanawe akarithi kiti pamoja na miaka mitatu ya uji, na uji haukumpendeza. Alikuwa kijana wa mashavu, mpenda mawindo na nyama ya nguruwe. Fimbo ya msiba aliibeba kwapani, maana miguu yake haikuwa na shida yoyote. Mwezi haujaisha akamwita Mwalimu kwenye jumba lake. Alitaka neno dogo tu, kwamba kaida inamruhusu kuvua katani, na mji mzima ulijua kwamba atakayelitamka atapewa cheo cha Msimamizi wa Kaida.

Asubuhi ile Bi Jiang alimfunga mumewe mshipi, akamuuliza atajibu nini.

"Mke wangu, hilo nalo la kuuliza?" akasema Mwalimu, na Bi Jiang akaona haya kwa kumshuku.

Alasiri mwanafunzi wake Zeyang akatangulia na habari, begani paja la nguruwe, zawadi ya mtawala. Alikuwa anameremeta. Mwalimu, alisema, amegundua kwamba kwa mtu aliyebeba mzigo wa nchi, mwezi mmoja wa huzuni ya kweli una uzito wa miaka mitatu.

"Amesema mwenyewe?"

"Mwenyewe, mama. Tena kwa ufasaha, mpaka mtawala akatokwa na machozi."

"Kumbe anajua kulia."

Paja la nguruwe Bi Jiang akamwachia mbwa wa jirani. Akazima moto jikoni, akafungua sanduku, akatoa katani, ile isiyo na upindo, ambayo mke humvalia mumewe akifa. Akafumua nywele, akakaa juu ya majani makavu, uso mlangoni. Majirani walipoiona ile nguo wakaingia mmoja mmoja na kuangua kilio, kwa kuwa kwao penye katani mtu hulia kwanza, maswali baadaye.

Gari la farasi likasimama. Mwalimu Gongmeng akashuka, amevaa hariri mpya ya kijani, akasikia ua wake unalia.

"Nani amefariki?" akauliza.

"Mume wangu," akajibu Bi Jiang.

"Jiang, watu wanatutazama."

"Wamekuja msibani. Nawe mgeni, hariri hiyo hukuona aibu kuja nayo?"

Akamsogelea, akamnong'oneza kwamba lilikuwa neno tu, na kwamba sasa watakula na kuvaa kama watu.

"Kwa ajili ya neno ulilonifundisha sikuzaa," akasema Bi Jiang, wala hakunong'ona. "Nililidhani letu wawili. Kumbe lilikuwa lako, la kutoa ukipenda."

Hapo Mwalimu akakumbuka cheo chake kipya. Akajinyoosha, akamwamuru avue katani.

"Nitavua, Mwalimu, siku zikitimia. Niambie tu, nimkalie mwezi au miaka mitatu? Wewe ndiye mjuzi."

Kilio kikakatika. Hata wale wasiojua kaida walitaka kusikia jibu hili. Mwalimu akamtazama Zeyang, na Zeyang akainamia viatu vyake.

Majirani wakangoja kadiri ya adabu. Walipoona hana la kusema, wakaendelea kulia pale walipoishia.