Ulemavu Usiotosha

Loretta Hruska alikuwa amepiga magoti nyuma ya kochi, anakamua matone ya maji yaliyojikusanya ndani ya mpira wa hewa ya oksijeni, mumewe alipomwambia kwamba angeweza kabisa kufuatana naye chuoni. Wendell aliyasema hayo akiwa ameegemea meza kwa viwiko viwili, anangoja pumzi imrudie baada ya safari ya msalani. Mashine ya hewa ilinguruma pembeni. Mpira wake ulikuwa na urefu wa mita kumi na tano, ulitoka sebuleni ukapita jikoni mpaka chumbani, na watu wa nyumba ile walikuwa wamezoea kuuruka bila kuutazama.

Loretta alimwambia abaki. Joto la Agosti lilikuwa limeshapanda ingawa saa mbili za asubuhi hazijafika, na gari lao halikuwa na kipoza hewa. Binti yao Corinne angekaa naye. Corinne mwenyewe alikuwa amesimama mlangoni na kikombe cha kahawa, hajanywa hata funda, kwa sababu siku hiyo ndiyo ilikuwa ya mwisho. Saa kumi na moja jioni chuo kingefuta jina la kila mwanafunzi ambaye ada yake haijalipwa wala kusamehewa, na nafasi yake kupewa mwingine. Corinne alitaka kusomea kuwahudumia wagonjwa wa mapafu. Kazi yenyewe alikuwa ameifanya nyumbani tangu ana miaka kumi na minne.

Miaka minne nyuma, paa la ghala la matairi liliwaporomokea zimamoto wawili wa kujitolea wa mji mdogo wa Tarrville. Stan Dombek, fundi bomba, alitolewa maiti. Wendell Hruska, dereva wa lori la maziwa, alitolewa hai, mapafu yameungua. Walikuwa wameingia kwa mlango mmoja, wameshika mpira mmoja wa maji. Sheria ya jimbo ilisema kwamba mtoto wa zimamoto aliyekufa kazini, au aliyelemazwa kabisa na kwa kudumu, asome chuo cha jimbo bila kulipa ada. Shelby, binti wa Stan, na Corinne walizaliwa mwaka mmoja. Barua ya Shelby ilifika Machi, ukurasa mmoja wenye nembo ya dhahabu. Kwa Corinne kulikuja fomu, na baada ya fomu daktari wa baraza la jimbo linalopima ulemavu, na baada ya daktari fomu nyingine.

Nyumba za Dombek na Hruska zilitenganishwa na ua wa michongoma tu, kwa hiyo Loretta aliona kila kitu. Aliwaona zimamoto wenzao wakipanda juu ya paa la Gail, mjane wa Stan, wakaliezeka upya kwa siku mbili, bure. Aliviona vyungu vya chakula vikipanga foleni barazani kwa Gail miezi sita. Barazani kwake vilikoma wiki ya tatu. Kanisani jina la Stan lilisomwa kila mwaka na watu wakasimama. La Wendell lilikuwa kwenye orodha ya wagonjwa, kati ya bibi aliyevunjika nyonga na mtu wa kisukari. Loretta alikuwa amefikia kuamini kwamba maiti hulishwa mara moja akashiba, ila mgonjwa hula kila siku, na watu huchoka. Kijicho kile alikijua kwa jina. Kila Jumapili alikiomba kiondoke, na Jumatatu akikichungulia kupitia ua.

Siku hiyo alifua nusu zamu kwenye nyumba ya wazee, shuka za moto zikimchoma vidole. Msimamizi alimruhusu aondoke saa sita, lakini akamkumbusha kwamba hiyo ilikuwa ruhusa ya nne tangu Juni na kwamba wapo wengi wanaoitaka kazi yake. Loretta alishukuru. Alibadilisha blauzi chooni, akaendesha gari dakika arobaini kufuata mto hadi chuoni.

Dirisha la misamaha ya ada lilikuwa ghorofa ya pili, na foleni yake ilimla saa tatu. Mama aliyekaa nyuma ya kioo alivaa miwani yenye mnyororo na kibandiko kilichoandikwa Ostrander. Hakuwa mtu mbaya. Alimwita Loretta Bi Hruska, akampa kiti, akageuza kompyuta ili waione pamoja. Uamuzi wa baraza la jimbo ulikuwa umeingia asubuhi ile ile. Wendell alikuwa amepewa asilimia sabini na mbili. Sheria ilitaka mia.

Loretta aliuliza hizo ishirini na nane zilizobaki zinafanya kazi gani, maana yeye nyumbani hajaziona.

"Naelewa," Bi Ostrander akasema. "Baraza linaona anaweza kazi nyepesi. Kuna ushahidi umeambatishwa."

Akachapa karatasi, akaipitisha chini ya kioo. Ilikuwa picha. Wendell amesimama mbele ya bamba la kukaangia, amevaa aproni, anageuza chapati za maziwa, anacheka. Mpira wa hewa haukuonekana, kwa sababu alikuwa ameuvua puani ili apigwe picha kama mwanamume. Ilikuwa asubuhi ya Mei, siku ya kifungua kinywa cha kuchangia jiwe la kumbukumbu la Stan. Alisimama pale dakika ishirini, wenzake wakimpigia makofi. Kisha alilala siku mbili, midomo rangi ya bluu, na Corinne hakwenda shule.

Picha ilikuwa imetolewa kwenye ukurasa wa mtandao wa Gail Dombek. Chini yake Gail alikuwa ameandika: *Wendell wetu. Huyu hachoki!*

Loretta aliisoma mara mbili. Aliuliza kama kuna njia. Bi Ostrander akamweleza kwamba ipo rufaa, lakini baraza hukaa Novemba, na rufaa haizuii jina kufutwa. Angeweza pia kulipa nusu ya ada ya muhula kabla ya ofisi kufungwa, dola elfu mbili na kidogo. Loretta alikunja ile picha, akasema anatoka kidogo kupata hewa, akashuka ngazi.

Nje, mbele ya mabweni, lori jekundu la zimamoto la Tarrville lilikuwa limeegeshwa juu ya majani, limefungwa maputo kwenye ngazi yake. Wanaume wanane wenye fulana za kikosi walikuwa wakipandisha godoro, friji ndogo, zulia na masanduku ya Shelby. Loretta aliwafahamu wote. Wawili walikuwa wamemnunulia Wendell bia katika harusi zao. Mmoja wao alimpungia mkono, kisha akakumbuka kitu, akauteremsha mkono na kuinua sanduku.

Gail alitoka nyuma ya lori, amebeba taa ya mezani, jasho linamtiririka, uso umechangamka.

"Loretta! Kumbe mmefika. Corinne yuko bweni gani? Nimemwambia Shelby, akipangwa mbali na mwenzie tutagombana na hawa watu."

Loretta alimkunjulia ile karatasi mbele ya uso. Gail akatabasamu kwanza, maana aliipenda ile picha. Kisha akauona muhuri wa baraza pembeni.

"Wameipata wapi hii?"

"Kwako. Wamekusoma. Hachoki, umesema. Basi asiyechoka si kilema, na mtoto wake alipe."

"Mimi nilikuwa namshukuru, Loretta. Namshukuru tu."

"Ungemshukuru kwa kunyamaza. Alisimama pale kwa ajili ya jiwe la mumeo. Jiwe! Unalo paa, unalo jiwe, unalo benchi bustanini. Hata lori hili hapa. Mimi nina mashine inayolia kama nyuki sebuleni, na hakuna anayenisimamia kanisani."

Wale wanaume walikuwa wameacha kubeba. Gail aliiweka taa juu ya majani taratibu. Loretta alijua alipaswa kukomea hapo, na aliendelea.

"Stan alikufa akamaliza. Wangu kafa nusu, na nusu hailipi. Kuna asubuhi naamka nasema afadhali ingekuwa sisi. Afadhali wangenitolea maiti."

Alipolisema, neno lenyewe likawa dogo kuliko alivyoliogopa miaka minne. Hakuna aliyeanguka. Mmoja wa wanaume alijifanya anafunga kamba ya kiatu.

Gail hakupandisha sauti.

"Kiangazi nalala dirisha wazi," alisema. "Watu wanadhani ni joto. Namsikia Wendell akikohoa. Halafu nakusikia wewe unaamka, unamwambia kaa wima, kaa wima mpenzi, unampigapiga mgongo. Mimi nimelala pale nasikiliza mpaka mnanyamaza. Nakuonea wivu kile kikohozi, Loretta. Mungu anisamehe, nakionea wivu. Ningechukua asilimia yoyote. Ningemchukua Stan hata na kumi."

Loretta alitaka jambo hilo limlainishe. Alisubiri limlainishe. Badala yake alijikuta akimwonea Gail wivu hata kwa hilo, kwamba huzuni yake ilikuwa safi, ya kusemeka mbele ya watu wakainamisha vichwa, na yake ilitoka mdomoni ikinuka.

Gail akasema ataifuta ile picha sasa hivi. Akasema ataandika barua kwa baraza, aeleze siku ile ilivyokuwa, na wanaume wote wa kikosi watie sahihi. Mmoja wao alitikisa kichwa kukubali. Loretta akawaambia baraza linakaa Novemba. Akawaambia pia, bila kuulizwa, kwamba mtu akifuta picha iliyokwisha kuchapwa amefuta nini. Kutoka dirisha la juu Shelby aliita, "Mama, taa!" kisha akamwona Loretta, akamsalimia kwa jina alilomwita tangu utotoni, Mama Corinne, na akauliza mwenzake yuko wapi.

"Yuko na baba yake," Loretta alimjibu. Akageuka akazirudia zile ngazi.

Ilikuwa saa kumi na nusu. Aliomba fomu ya rufaa. Bi Ostrander akampa kurasa nne na kalamu iliyofungwa kwa kamba, akamwambia ajaze kila kisanduku, kwa kuwa kisanduku kitupu hulifanya baraza lirudishe fomu nzima. Loretta aliketi kwenye benchi la ukutani akaandika. Jina la mtumishi wa dharura. Kikosi. Tarehe ya tukio. Aina ya madhara. Aliandika hatua ngapi Wendell anaweza kutembea bila kusimama, kumi na moja, kwa maana alikuwa amezihesabu. Aliandika kwamba havai viatu vya kamba. Palipoulizwa shughuli anazofanya mchana, aliandika kwamba Jumanne na Alhamisi Corinne humpeleka kituo cha zimamoto, akae karibu na redio asikilize wenzake wakiitwa, na kwamba akirudi huwa mwenye furaha. Aliitazama sentensi hiyo ya mwisho muda mrefu. Baraza lingeweza kuigeuza kuwa kazi nyepesi. Hakuikata.

Alitoka nje kwenye ukumbi akampigia Corinne, akamwambia. Corinne aliuliza kama ni hapana ya kabisa au hapana ya sasa. Loretta akasema ya sasa. Mashine ya hewa ilisikika nyuma yake. Kisha Corinne akasema basi sawa, Mama, duka la aiskrimu alikofanya kazi kiangazi lilikuwa limemwomba abaki mpaka baridi ianze, na baba anauliza kama amekula. Loretta alisema amekula.

Aliporudi ilikuwa imebaki dakika tano. Akaipitisha fomu chini ya kioo. Bi Ostrander alishuka nayo kisanduku kwa kisanduku, kidole kikitangulia, mpaka ukurasa wa tatu. Fomu ilikuwa moja kwa familia zote, za waliokufa na za waliolemazwa. Kidole kikasimama.

"Bi Hruska, hapa ni tarehe ya kifo."

"Nimeona."

"Umeandika *bado*."

"Ndiyo."

Bi Ostrander alivua miwani, ikaning'inia kwenye mnyororo. Alisema kwa upole kwamba wengi huandika *haihusu*, hilo kompyuta inalikubali, na kama angependa angemrekebishia mwenyewe, ni neno tu.

"Inatuhusu," Loretta akasema. "Mmeuliza, nimejibu. Piga muhuri."

Nyuma yake kijana aliyekuwa na barua mkononi alisogeza miguu. Bi Ostrander alimtazama Loretta, akaitazama saa ya ukutani, akavuta kidau cha wino. Alipiga muhuri kurasa zote nne, moja baada ya nyingine, akatia tarehe ya siku ile. Kisha akaigeukia kompyuta, kwa sababu saa kumi na moja ilikuwa imefika, na akaanza kuyafuta majina.