Kemshafti ya Mbio kwa Gari la Mama

Mshale aliingia gereji kwa dada yake amekumbatia boksi refu kama mtu aliyebeba mtoto mchanga. Alilifungua juu ya meza ya kazi. Ndani yake ililala kemshafti mpya, ule mtaimbo wenye nundu unaofungua na kufunga valvu za injini. Nundu za hii zilikuwa ndefu na nene kuliko kawaida.

"Ya mbio hiyo, Fundi! Leo gari la mzee linafufuka."

"Gari la mama," dada yake alimsahihisha bila kuinua kichwa.

Lilikuwa gari kuukuu, lenye umri unaowazidi wote wawili. Baba yao alipofariki lilibaki uani, na mama hakutaka kusikia habari ya kuliuza. Baadaye aliwashangaza wanawe: alijiandikisha shule ya udereva, akafeli, akarudi, akafaulu. Sasa alitaka kitu kimoja tu, kuupanda mwenyewe mlima wa kiwanda cha matofali hadi kwa dada yake, bila kumbembeleza mtu ampeleke. Kila alipojaribu, gari lilipiga chafya kwenye kabureta na kuishiwa nguvu katikati ya mlima, akarudi kinyumenyume huku malori yakimpigia honi. Alikuwa ameapa: likimwangusha tena, leseni inaingia kabatini na haitoki.

"Gari linataka nguvu, na nguvu ndiyo hii," alisema Mshale. "Au unaogopa?"

"Naogopa kufunga kitu kabla ya kupima."

Fundi aliweka saa ya kupimia mwinuko juu ya valvu ya kwanza na kuizungusha injini kwa mkono. Alizipima zote, moja baada ya nyingine. Valvu za kuingiza hewa zilifunguka vizuri, lakini mbili za kutolea moshi zilijiinua kidogo tu, kama mtu anayeamshwa kwa lazima. Alipoitoa kemshafti ya zamani, wote wawili waliona sababu. Nundu mbili zilikuwa zimelika, zikabaki mviringo kama sabuni iliyokwisha.

Mshale alipiga makofi. "Si nilisema? Lazima ibadilishwe, na mpya iko mezani. Unasubiri nini, dada, kadi ya mwaliko?"

Hoja haikuwa mbaya, na Fundi aliipa haki yake. Injini ilikuwa imeshafunguliwa; kufunga kemshafti kali au ya kawaida ni jasho lile lile. Lakini nundu nene huiacha valvu wazi kwa muda mrefu zaidi. Injini ikizunguka kasi, hupumua vizuri. Ikizunguka polepole, hupaliwa. Kwa hiyo swali halikuwa ipi ina nguvu zaidi, bali mama anazihitaji nguvu hizo akiwa katika mwendo gani.

Ndugu yake hakuwa mtu wa kuelewa kwa maneno. Kwenye uwanja wa gereji palikuwa na gari la daktari mmoja wa meno, la aina ile ile, ambalo Fundi mwenyewe alilifungia kemshafti ya namna hiyo. Alimpigia simu daktari kuomba ruhusa, kisha akamwita mama.

"Endesha wewe," alimwambia Mshale. "Mama akae mbele, aone."

Walipoanza kupanda, lori la matofali lilikuwa mbele yao, likijikokota. Mshale alipunguza mwendo. Gari lilitetemeka, likazima. Akaliwasha, likazima tena. Mara ya tatu alipiga resi, klachi ikanuka, gari likaruka na kusimama karibu ligonge lori.

"Mwanangu," mama alisema, ameshikilia mlango, "hili ni gari au punda aliyeumwa na nyuki?"

Juu ya mlima, barabara ilipokuwa tupu, Mshale alikanyaga mafuta na gari likapaa. Hata Fundi alikiri kwamba hapo lilikuwa tamu.

"Tamu kweli," alisema mama. "Lakini mimi siendi mbio. Naenda kwa dada yangu."

Waliporudi gereji, Mshale alilifunika boksi lake polepole. "Nilitaka nimpe zawadi, basi."

"Mpe. Nenda kabadilishe hiyo, ulete ya kawaida, mpya, pamoja na tapeti zake, vile vyuma vinavyosukumwa na nundu."

Mama alikuwa ameishika kemshafti ya zamani, akipitisha kidole kwenye nundu zilizolika. "Nini kiliila hivi?"

Fundi aliijua sababu. Kila asubuhi tangu msiba, mama aliliwasha gari na kuliacha lingurume uani hadi amalize chai, kisha akalizima. Injini inapozunguka polepole namna ile, oili hairuki vya kutosha kufika kwenye nundu. Alimweleza hivyo hivyo.

"Kumbe nimeiua mimi."

"Ndiyo, mama. Hukujua."

"Nilitaka sauti yake tu. Nyumba inanyamaza mno."

Fundi alijifuta mikono, akaifuta tena. "Ukitaka kuisikia, liendeshe."

Kemshafti ya kawaida ilipokwisha kufungwa, Fundi alimweka mama kwenye usukani. Kemshafti mpya, alimweleza, haitakiwi kuanza maisha kwa kunguruma taratibu; injini lazima izunguke kasi hadi nundu na tapeti zizoeane. "Ukishawasha, usiachie mafuta hata kidogo. Nitazame mkono; ukishuka, ndipo uachie."

Injini iliwaka kwa kishindo. Grisi iliyopakwa wakati wa kufunga ilifuka moshi, mabati ya gereji yakatetemeka. Mshale aliziba masikio. "Punguza, mama! Itapasuka!"

Mama hakumtazama. Alikaza macho kwenye mkono wa binti yake ulioinuliwa, jasho likimtiririka shingoni, na mguu wake haukutikisika.

Mkono uliposhuka, injini ilitulia. Fundi alitega sikio, akakagua kama kuna panapovuja, akafunga boneti. Mama hakuzima. Aliingiza gia ya kwanza.

"Fungueni geti."

"Nije nawe?" aliuliza Mshale.

"Uje kufanya nini?"

Walisimama kando ya barabara wakimtazama. Kwenye mlima alilifikia lori la matofali. Lori lilipunguza mwendo kwenye kona. Gari nalo likapunguza, likanguruma chini chini, likaendelea kupanda.