Breki Laini za Mzee Gustave

Mume wangu Burhani ana magonjwa mawili, Mungu anisamehe: presha na breki. Presha anaimezea vidonge. Breki hazina dawa. Ukimwambia mchuzi umezidi chumvi atacheka, ukimwambia mwanawe Mselem amefeli hesabu atasema mwakani atafaulu, lakini ukimwambia breki alizofunga yeye zinavuta upande, hata kidogo tu, siku hiyo chai haimshuki. Gereji yetu iko Kensington, Johannesburg, nyuma ya duka la mazulia. Yeye yuko chini ya magari, mimi niko mbele: napokea wateja, naagiza vipuri, na nasikiliza watu wanavyoyasingizia magari yao.

Mzee Gustave alituletea gari lake mwaka 2011, majira ya baridi, mwaka mmoja baada ya Kombe la Dunia. Ni Mrundi wa Bujumbura, mrefu, shati limenyooka, viatu vyeusi unaweza kujitazama usoni. Kwao alikuwa dereva wa mawaziri kabla vita havijamtoa. Gari lenyewe lilikuwa Fairmont GT ya 1971, rangi ya chungwa, injini ya V8, gari ambalo likipita Queen Street watu wanakatiza mazungumzo. Alilichukua likiwa mkweche kwa Mzungu mmoja wa Bez Valley aliyekuwa anahamia kwa bintiye, akalifufua kidogo kidogo kwa miaka mingi. Kila Jumapili alikuwa analiendesha hadi kanisani kwao Randburg, na wanakwaya wakilisikia linanguruma kona ya mwisho, wanatoka nje kulipokea.

"Feri zimekuwa nguvu sana, fundi," alimwambia Burhani. Feri ndiyo breki kwa Warundi. "Zamani minakanyaga kidogo, inasimama. Sasa minakanyaga mpaka mguu inachoka."

Mkewe, Victorine, alikuwa amesimama nyuma yake na funguo za gari lake dogo mkononi. Ana saluni karibu na kituo cha teksi, na kama wenye saluni wote, hana neno linalolala ndani.

"Mwambie yote," alisema. "Mwambie ile ya robot."

Mzee Gustave akatazama ukuta. Victorine akanieleza mimi, maana alishaona kwamba wanaume wale wawili wangezungumza injini mpaka magharibi. Mumewe ana kisukari, na mguu wa kulia umepungua nguvu. Juma lililopita robot, yaani taa za barabarani, ilikuwa nyekundu, akakanyaga kwa nguvu zote, na gari halikusimama mpaka likafika katikati ya njia panda. Teksi iliwakwepa kwa bahati tu.

"Nimemwambia hii ni mara ya mwisho, Mama Mselem," alisema. "Feri zikitengenezeka, aendeshe. Zikikataa, hiyo gari inauzwa, na hata yangu hataigusa tena. Ye mwenyewe amekubali."

"Nimekubali," alisema Mzee Gustave, bado kwa ukuta.

Burhani alifungua boneti, akasikiliza injini, akacheka peke yake. Tatizo lilikuwa wazi, alisema. Magari mengi yana busta inayomsaidia dereva kukanyaga breki, na busta hiyo huishi kwa mvuto wa hewa ya injini. Sasa injini ya Mzee Gustave ilikuwa imeshachezewa ili ingurume na ikimbie, na injini ya namna hiyo mvuto wake ni haba. Busta ilikuwa pale kama pambo. Dawa ni kuing'oa, kuweka kifaa kinachopata nguvu kutoka kwenye mafuta ya pampu ya stelingi. Pampu ikizunguka, mafuta yanasukuma, dereva anaweka mguu tu.

"Hata bibi yangu wa Pangani angelisimamisha," alisema. Akisema hivyo ujue ameshajifunga.

Kifaa kilikuja kwenye sanduku kutoka Marekani. Mabomba ya presha alitutengenezea Mreno mmoja wa mtaa wa Cleveland, hapahapa mjini, na Burhani aliyarudisha kwake mara mbili kwa sababu kona moja haikumpendeza. Mzee Gustave alikuwa anakuja kila siku, anavua koti, analitundika, anakaa na mimi mbele tunakunywa chai. Alinisimulia kazi yake ya zamani. Dereva wa waziri, alisema, hapaswi kusikika. Waziri anasoma karatasi zake, ukifunga breki ghafla kalamu inachora mstari, na kesho huna kazi. Kwa hiyo walifundishwa kwamba mguu wa kulia ukitoka kwenye mafuta usikae bure sakafuni. Unakwenda kulala juu ya feri. Hauikanyagi, unaingoja. Aliniambia hayo kwa raha, mguu wake ukinionyesha hewani, na mimi nikaona fahari ya mtu mzima ambaye amebakiwa na ufundi mmoja tu katika nchi ya watu.

Siku ya kutoa upepo kwenye mabomba, mtu wa pili nilikuwa mimi, kama kawaida. Burhani chini ya gari na spana, mimi kwenye kiti cha dereva. "Pampu. Pampu. Shikilia. Achia." Hivyo hivyo, gurudumu baada ya gurudumu, ndoa yetu yote iko humo. Tulipomaliza akaniambia niwashe injini nikanyage. Nilikuwa nimevaa kandambili. Nilikanyaga pedeli nikadhani nimekanyaga mto wa sufi.

Kwenye gereji za mabasi Tanga, alikofundishwa Burhani, fundi aliyefungua breki hupanda basi katika safari ya kwanza na kukaa karibu na dereva. Kama kuna la kutokea, limkute na yeye. Ameuleta mtindo huo Johannesburg, na wateja wengine wanaona ni kichekesho, lakini Mzee Gustave aliuelewa mara moja akamfungulia mlango kwa heshima. Wakashuka vilima vya Kensington na Bez Valley wawili hao. Waliporudi, Mzee Gustave alikuwa anacheka kwa sauti, jambo ambalo sikuwahi kulisikia.

"Ni siagi, Mama Mselem! Ni siagi kabisa!"

Burhani hakucheka. Alikuwa ameinama kwenye gurudumu la mbele ananusa. Breki zilikuwa zimechemka. Zilikuwa zinashika wakati hazikuambiwa zishike.

Siku mbili zilizofuata sitaki hata kuzisimulia. Burhani alishuku kwamba kile chuma kinachosukuma masta silinda ni kirefu mno, kinaiacha breki ikiwa imekanyagwa nusu. Akakifungua, akakipima, akakifupisha kwa unywele. Akafungua kaliper, zile koleo za breki. Akakagua mabomba. Akaliendesha mwenyewe, breki zikawa baridi kama maji ya mtungi. Akaja kula, akatazama wali, akarudi gereji. Nilimwambia, Baba Mselem, gari limekubali, kubali na wewe. Akaniambia nikae na risiti zangu.

Mzee Gustave akarudi kulijaribu. Safari hii Victorine alikuja naye, na akakataa kupanda. "Nitafuata nyuma na gari yangu, hii Tazz," alisema. "Njoo na mimi, Mama Mselem. Sitaki kutazama peke yangu."

Tukawafuata. Kulikuwa na jua kali lisilo na joto, lile la Juni, na nyasi za kando ya barabara zimekauka. Fairmont ikakata kulia, ikaanza kuushuka mteremko wa Langermann taratibu, kwa adabu, kama imembeba waziri. Victorine alikuwa anauma mdomo. Nusu ya mteremko akaniuliza kwa nini mumewe anafunga breki njia nzima.

Nikatazama. Taa nyekundu za nyuma zilikuwa zinawaka. Zilikuwa zimewaka tangu juu. Barabara mbele yake ilikuwa tupu, gari linateremka bila kusitasita, na taa zinawaka tu.

Kule chini Mzee Gustave aliegesha kando vizuri, akaweka gia huru, akavuta breki ya mkono. Harufu ilitufikia kabla hatujafungua milango. Burhani alishatoka, anazunguka gari kama mtu aliyeibiwa.

"Taa za breki zinawaka," nilimwambia. "Zimewaka mteremko mzima. Na sasa hivi zinawaka."

Uso wake ukafunguka. Basi ni swichi ya taa, alisema, au pedeli hairudi mpaka juu, na kama hairudi, hiyo ndiyo inayochemsha breki. Kwa nini hakufikiria pedeli! Akamwomba Victorine asimame nyuma aziangalie taa, akafungua mlango wa dereva, akachuchumaa.

"Mzee, toa mguu kwenye breki."

"Nimeshautoa," alisema Mzee Gustave.

Mimi nilikuwa nyuma ya bega la mume wangu, nikaona alichokiona. Kiatu cheusi kinachong'aa kilikuwa juu ya pedeli, kimelala, kizito, kama mtu alivyofundishwa kukilaza miaka yote. Juu ya pedeli ya zamani kisingefanya lolote, ile ilikuwa ngumu, ilikibeba. Hii ya sasa ilitosheka na uzito wa kiatu.

 Burhani akanyoosha mkono, akakishika kiatu. Akakibana vidoleni. Akakibana tena, kwa nguvu anayofungulia nati iliyoshika kutu, nikaona misuli ya mkono wake imesimama.

"Umeipata, fundi?" Mzee Gustave aliuliza, macho yake mbele kwenye kioo. "Ni swichi?"

 Nimeona wagonjwa, nimeosha maiti ya mama yangu, lakini sauti ile ya mtu anayeulizia swichi huku mguu wake unabanwa, sijui kama itanitoka.

Burhani akaunyanyua ule mguu kwa mikono miwili, akauweka sakafuni.

"Zimezimika!" Victorine alipiga kelele kutoka nyuma, akapiga makofi. "Eh, fundi! Zimezimika! Umeweza!"

Hapo Mzee Gustave akatazama chini. Akaona mikono ya mume wangu kwenye kifundo cha mguu wake. Akaitazama, akakitazama kiatu, akabaki hivyo. Alipozungumza, sauti ilikuwa ndogo.

"Nilijua ni nguvu tu imepungua. Nilikuwa nasikia ile feri ngumu hapa, kwenye paja. Hii... hii sikuisikia. Nilidhani mguu iko chini."

"Tangu lini?"

"Sijui, fundi. Nitajuaje?"

 Victorine alikuwa bado anacheka nyuma, anampungia mkono mtu aliyekuwa akipita. Mzee Gustave akaongeza, haraka, kabla mkewe hajafika:

"Umwambie ni feri. Nakuomba. Umwambie zimekataa."

Nilimtazama mume wangu. Nilijua anaombwa nini, pengine kuliko alivyojua mwombaji. Saluni ya Victorine ndiko wanakokaa wanawake wote wa Kirundi na Kikongomani wa upande huu, na Jumapili ingefika habari Randburg. Wangesema gari la Mzee Gustave limemshinda Burhani. Yule wa breki.

"Daktari," alisema Burhani.

"Kesho. Naapa."

"Usipokwenda, namweleza mwenyewe. Yote."

"Sawa."

Victorine alikuwa amefika mlangoni, anatweta kwa furaha. Burhani akasimama, akajifuta mikono ambayo haikuwa na mafuta.

"Mama Ariane," alimwambia Victorine, "breki zimenishinda."

"Lakini taa zimezimika!"

"Zimezimika kwa bahati. Zitashika tena. Nimefungua kila kitu, sijui kosa liko wapi. Mimi ndiye niliyezifunga, na mimi nasema mzee asiliendeshe tena gari hili."

Nilidhani mwanamke yule angeshukuru. Si ndiye aliyetaka liuzwe? Badala yake uso ulimvunjika, machozi yakamtoka palepale barabarani, na alipomaliza kulia akamgeukia mume wangu. Akamwita mwongo. Akamwita fundi wa baiskeli. Akamuuliza ni nani aliyemdanganya kwamba anajua feri, na kama ana haya, mtu mzima, kumpa mzee tumaini wiki nzima kisha kumnyang'anya kando ya barabara. Watu wa dukani wakatoka kutazama. Mimi nilifungua mdomo, maana damu ilikuwa imenipanda kichwani na breki zile nilizitoa upepo kwa mguu wangu mwenyewe, nazijua. Burhani akanitazama mara moja. Nikaufunga.

Mzee Gustave alishuka kwenye gari polepole, akishikilia mlango, akizitazama hatua zake. Akampa mkewe funguo. Akaniaga. Kisha akamwambia mume wangu, kwa sauti ya kutosha ili Victorine asikie:

"Usijali, fundi. Umejaribu."

"Nisamehe, mzee," Burhani akajibu, kwa sauti hiyohiyo.